Ada ni yako, lakini jukwaa ni la nani?

Disemba 31, 2021, wakati wengi wetu tulikuwa tunatafuta mahali pa kufungia mwaka, uwanja wa Bukhungu kule Kakamega ulifurika watu. Aliyeita mkutano hakuwa kiongozi wa chama cha kisiasa, wala hakuwa na kiti alichokuwa akikimezea mate. Alikuwa Francis Atwoli, Katibu Mkuu wa Muungano wa Vyama vya Wafanyakazi (COTU). Ajenda haikuwa mishahara. Haikuwa vibarua wa mashamba ya maua, wala mabawabu wanaokesha getini saa 12 bila hata kibanda cha kujikinga mvua. Ajenda ilikuwa Raila Odinga, na jinsi kura za Magharibi zingeingia kwenye kapu lake.

Na haikuwa mara ya kwanza. Miaka 5 kabla ya hapo, tarehe iyo hiyo, uwanja uo huo, Atwoli alimtangaza Musalia Mudavadi kuwa msemaji wa jamii ya Waluhya. Ndiyo maana mkutano wa 2021 ukaitwa Bukhungu ya pili. Kulikuwa pia na vikao nyumbani kwake Kajiado, wanasiasa wakiingia na kutoka, picha zikisambaa mitandaoni kabla chai haijapoa. Na kwenye habari za siku hizo hakuitwa mzee kutoka Khwisero aliyeamua kupenda mwanasiasa fulani. Aliitwa Katibu Mkuu wa COTU.

Hicho cheo ndicho kinanikereketa maini, kwa sababu kinabebwa na watu wengine. Kinabebwa na mama anayechuma majani chai Kericho, na jamaa wa kiwanda cha mabati, na dada wa EPZ anayeshona suruali ambazo hatawahi kuzivaa. Ukipanda jukwaani na cheo hicho umepanda nao wote, watake wasitake.

Tuelewane mapema. Mimi si mmoja wa wale wanaosema chama cha wafanyakazi kikae mbali na siasa. Hiyo ni stori ya mdosi anayetaka mfanyakazi awe kimya. Bei ya unga ni siasa, nauli ni siasa, kodi inayokatwa kabla mshahara haujagusa simu yako ni siasa. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na kugoma, na chama kisichoweza kumwambia mwanasiasa "hapa umetukosea" hakina tofauti na chama cha kuzikana. Kumuunga mkono mwanasiasa si dhambi.

Swali langu ni dogo lakini lina miba: mwanasiasa na viongozi wa chama wakikaa chini kupanga nani aseme nini, wapi, lini na kwa gharama ya nani, yule anayelipa ada aliulizwa?

Ukitaka kujua ugonjwa huu ulianzia wapi, panda matatu hadi Gikomba, ushuke karibu na Barabara ya Digo. Pale kuna jengo la Solidarity, makao makuu ya COTU. Pesa za kulijenga zilianza kupatikana 1956, Tom Mboya alipozuru Marekani na muungano wa wafanyakazi wa huko, AFL-CIO, ukampa dola 35,000. Mboya wakati huo alikuwa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Wafanyakazi (KFL), na hakuwa na hata miaka 30. Wasee wa rika letu.

Enzi hizo za hali ya hatari, mkoloni alikuwa amepiga marufuku vyama vya kisiasa vya Waafrika vya kitaifa. Chama cha wafanyakazi kikabaki mlango pekee ambao haujafungwa. Hata kabla ya hapo, Aprili 23, 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh alisimama mbele ya wafanyakazi na kudai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Wiki chache baadaye alikamatwa, na hakuachiliwa hadi 1961. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema Makhan Singh angebaki kuzungumzia posho tu.

Lakini tazama Mboya alikofika. Mwaka 1957 aliingia Baraza la Kutunga Sheria akiwakilisha Nairobi. Mwaka 1960 akawa Katibu Mkuu wa KANU, huku bado ni Katibu Mkuu wa KFL. Mwaka 1962 akawa Waziri wa Leba. Yaani mtu mmoja alikuwa sauti ya mfanyakazi, injini ya chama cha siasa, halafu serikali ambayo mfanyakazi anapaswa kuidai. Hapo hakuna haja ya mkutano wa siri wa kupanga kampeni. Ukijikuna kichwa, tayari mmefanya kikao.

Mboya alikuwa kipaji, hilo sibishani na mtu. Ila alichoacha nyuma ni mtindo, na mtindo ulipopata serikali ukawa kitanzi. Mwaka 1965, vyama vikiwa vimegawanyika na kupigana wao kwa wao, Jomo Kenyatta alivunja miungano iliyokuwepo na kuunda COTU. Utaratibu ukawa kwamba wafanyakazi wanapendekeza majina 3 ya kuwa katibu mkuu, halafu Rais anachagua moja. Soma tena hiyo sentensi taratibu. Ni kama timu ya Gor imruhusu kocha wa AFC kuchagua nahodha wake. Enzi ya chama kimoja COTU ilikuwa upande wa KANU kama mkono ulivyo upande wa bega, na mfanyakazi aliyetaka kuuliza swali alijua mahali pa kulimezea.

Wenzetu wa Tanzania hawakuwa na afadhali. Baada ya maasi ya wanajeshi Januari 1964, serikali ilivunja shirikisho la wafanyakazi, TFL, ikaunda chama kimoja, NUTA, na katibu mkuu wake, Michael Kamaliza, akawa ndiye huyo huyo Waziri wa Leba. Angalau wao hawakuficha.

Turudi kwetu, maana kuna upande wa pili wa hii stori ambao lazima niuseme. Siasa za uchaguzi zimewahi kumletea mfanyakazi ganji, tena ya kweli. Oktoba 1997 walimu wa KNUT chini ya Ambrose Adongo waliweka chaki chini, uchaguzi ukiwa umebakia miezi michache. Rais Moi, aliyekuwa akihitaji kila kura, akakubali nyongeza iliyofikia asilimia 200, ilipwe kwa awamu ndani ya miaka 5. Desemba akashinda. Mwaka uliofuata serikali ikasema haina pesa, na Oktoba 1998 walimu wakarudi barabarani. Sasa, hata kama pesa zilicheleweshwa, zingalieni mbinu. KNUT haikumpigia Moi debe. Ilimshika koo wakati koo lake lilikuwa karibu. Hiyo mimi naiita kazi.

Sasa linganisha na Mei 1, 2022. Uwanja wa Nyayo, Leba Dei, siku 100 kamili kabla ya uchaguzi wa Agosti 9. Rais Uhuru Kenyatta, ambaye kila mtoto wa nasari alijua anamtaka Raila, anatangaza nyongeza ya asilimia 12 kwa mshahara wa kima cha chini. Nyongeza ya awali ilikuwa ya asilimia 5, mwaka 2018. Miaka 4 mfanyakazi wa chini alikaa pale pale, kupitia corona, kupitia bei ya mafuta ya kupikia kupanda kama lifti, halafu ghafla siku 100 kabla ya kura anakumbukwa. Sikatai pesa. Asilimia 12 ni asilimia 12. Ila jiulize kama ingekuja mwaka 2019, wakati hakuna aliyehitaji kura yako, na kama muungano wenye mamilioni ya wafanyakazi nyuma yake ulishindwa kuisukuma mapema au haukutaka kumsumbua rafiki.

Muda wote huo Atwoli alikuwa akiwaambia Wakenya kwamba William Ruto hata hatakuwa debeni. Alikuwa debeni. Akashinda. Septemba 5, Mahakama ya Juu ikathibitisha. Mei 1, 2023, jukwaa la Leba Dei likawa bustani ya Uhuru Gardens, na mgeni rasmi akawa yule yule aliyesemekana hatakuwa debeni, mwenyeji akiwa yule yule aliyesema. Mitandaoni tulicheka hadi tukachoka. Lakini kicheko kilituficha jambo zito zaidi, nalo ni ushuru wa nyumba.

Hii sehemu isome polepole. Serikali ya Uhuru ilipoleta makato ya nyumba mwaka 2018, ya asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na 1.5 kwa mwajiri, COTU ilikimbia mahakamani na makato yakasimamishwa. Safi kabisa. Hiyo ndiyo kazi ya chama. Mwaka 2023 serikali ya Ruto ikarudi na makato ya viwango vile vile. Ile ya kwanza ilikuwa na kikomo cha Sh5,000 kwa mwezi. Hii ya pili haikuwa na kikomo. Safari hii COTU ikaunga mkono. Aliyesikika zaidi mahakamani akawa Seneta Okiya Omtatah, na Novemba 2023 Mahakama Kuu ikaamua kwamba ushuru huo ulikiuka Katiba. Serikali ikaandika sheria nyingine, ikatiwa sahihi Machi 2024, makato yakaendelea.

Inawezekana kulikuwa na hoja nzuri ya kubadilisha msimamo. Nyumba zinajengwa, vijana wa mjengo wanapata kazi, hilo linaweza kujadiliwa. Tatizo ni kwamba mwanachama wa kawaida hakuletewa huo mjadala. Hakuna aliyepiga kura kiwandani kusema "2018 tulikataa, 2023 tumekubali." Akalala akiwa mlalamishi, akaamka akiwa shabiki.

Na hapo ndipo ninapoona madhara ya kiongozi kubeba cheo cha wafanyakazi kwenye kampeni. Watu hufikiri madhara ni pesa kupotea. Pesa ni sehemu ndogo. Ukimpigia mtu debe akashinda, unamwogopa kwa sababu ni wako. Ukimpigia debe akashindwa, unamwogopa aliyeshinda kwa sababu unataka akusamehe. Vyovyote vile, umefika mezani ukiwa na deni. Na katika mfumo wetu meza ni muhimu sana: COTU ina kiti kwenye bodi ya NSSF, na nyongeza ya kima cha chini hutangazwa na Rais mwenyewe akiwa amesimama karibu na kiongozi wa wafanyakazi. Mtu aliye na deni hapigi meza.

Juni 2024 ilipofika, vijana wakajaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, mswada uliokuwa unaingia mfukoni mwa mfanyakazi kutoka pande zote. Maandamano yale hayakuitwa na chama chochote cha wafanyakazi. Yaliitwa na simu. Rais aliuondoa mswada Juni 26, siku moja baada ya bunge kuvamiwa na vijana kuuawa. Ukiuliza kwa nini rika letu halijui hata jina la chama chao kazini, anzia hapo.

Sasa niguse slipu ya mshahara.

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, niliingia kufanya kazi kwenye ghala moja Industrial Area, jina nitaliacha. Kupanga katoni, kuhesabu katoni, kupakia katoni. Mwisho wa mwezi wa 3 nikaona laini mpya kwenye slipu: Sh230. Nilikuwa sijajaza fomu yoyote ya chama. Nikaenda ofisini, mama wa pale akanieleza kwa upole kwamba ile si ada ya uanachama, ni ada ya uwakilishi. Mimi si mwanachama, lakini mkataba wa pamoja, ile CBA, uliotiwa sahihi na chama na kampuni unanifunika, kwa hivyo nachangia. Nikauliza afisa wa chama anapatikana wapi. Akacheka. Katika miezi 14 niliyokaa pale, sikumwona hata siku moja.

Sheria iko wazi kuhusu hili, na si mbaya. Sheria ya Mahusiano ya Leba ya 2007 inasema mwanachama anakatwa ada baada ya kutia sahihi, kwa fomu inayoitwa Fomu S. Kifungu cha 49 kinaruhusu chama kumwomba waziri aagize wasio wanachama wanaofaidi CBA wakatwe ada ya uwakilishi. Mantiki yake inaeleweka: huwezi kula nyama ya ng'ombe ambaye hukumchangia. Nyongeza ya mshahara iliyopiganiwa na chama mimi pia niliipata.

Lakini hebu ona tulipofika. Mwanachama alitia sahihi akatwe ili atetewe kazini, si ili jina lake libebwe Bukhungu. Asiye mwanachama hata sahihi hakutia. Wote wawili uzito wao unahesabiwa kiongozi anapomwambia mwanasiasa "nyuma yangu kuna mamilioni." Na uzito huo una thamani kuliko noti. Chama kina watu kila kiwanda, kila shamba, kila shule. Kina wawakilishi wanaojua nani anakaa wapi na nani anasikilizwa na nani. Kina kumbi, magari, orodha za nambari za simu. Mwanasiasa angelipa mamilioni kupata mtandao kama huo. Kwa chama anaupata kwa kupeana mkono na ahadi.

Unaweza kuuliza, si kuna sheria ya pesa za kampeni? Kuna. Iko tangu 2013, na iko kama kitambaa cha mezani kwa mgeni ambaye haji. Kabla ya uchaguzi wa 2017 wabunge waliisukuma mbele. Agosti 2021 tume ya uchaguzi, IEBC, ikachapisha viwango: mgombea urais asitumie zaidi ya Sh4.4 bilioni. Wabunge wakavitupa. Kwa hivyo Kenya huwezi hata kumshtaki mtu kwamba chama kilipanga matumizi na kampeni ili kukwepa kikomo, kwa sababu kikomo chenyewe hakipo. Ni kama kulaumu dereva kwa kuvuka laini ambayo haijachorwa.

Kuna nchi ambazo laini imechorwa, na inafaa kucheki zilivyofanya, pamoja na matundu yake. Marekani, ile iliyotoa dola za Gikomba, tangu 1947 imekataza chama cha wafanyakazi kumpa mgombea wa kitaifa pesa kutoka hazina yake. Wanaotaka kuchangia huchanga kwa hiari kwenye mfuko wa kando. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu yao, katika kesi ya Citizens United, ikafungua mlango: makampuni na vyama vinaweza kutumia pesa bila kikomo kumpigia mtu debe, mradi tu visipange na kampeni yake. Kupanga kukithibitishwa, matumizi yale yanahesabiwa kama mchango, na mchango ni marufuku. Kwenye karatasi ni fiti. Kwenye uhalisia, kampeni huweka picha, video na ujumbe wake hadharani mtandaoni, chama au kundi lolote likajichukulia, na kila mtu akaapa kwamba hawajaongea. Si hata sisi tunajua kuongea bila kuongea?

Kesi nyingine ya huko ingenihusu mimi na Sh230 zangu. Juni 2018, katika kesi ya Janus, mahakama hiyo hiyo iliamua kwamba mfanyakazi wa umma asiye mwanachama hawezi kulazimishwa kulipa ada ya uwakilishi. Mimi sifurahii sana uamuzi huo. Waliousherehekea zaidi ni watu wasiopenda vyama kabisa, na chama kisicho na pesa ni mbwa asiye na meno. Ila ndivyo inavyokuwa viongozi wakishazoea pesa isiyoulizwa: adui anapata hoja ya bure.

Uingereza walifika huko mapema zaidi. Mfanyakazi mmoja wa reli, kwa jina Osborne, hakutaka ada yake iende kwa chama cha Labour kilichoundwa kwa nguvu za vyama vya wafanyakazi. Akakishtaki chama chake mwenyewe, na mwaka 1909 akashinda. Suluhisho likaja na sheria ya 1913: pesa za siasa ziwe kwenye mfuko wake wa kando, wanachama wapige kura kama wanautaka, na asiyetaka kuuchangia ana haki ya kukataa bila kufukuzwa. Zaidi ya miaka 100 wamevutana kuhusu nani ajaze fomu, anayetaka au asiyetaka, lakini mfuko wa kando umebaki. Huo mfuko wa kando ndio ningeuomba hapa kwetu kabla ya kitu kingine chochote.

Na kuna mfano mmoja ambao ningependa kila katibu mkuu wa Kenya auweke kwenye simu yake. Septemba 2024, chama cha Teamsters cha Marekani, kile cha madereva wa malori, kiliwauliza wanachama wanamtaka nani kati ya Donald Trump na Kamala Harris. Kwa miaka mingi kilikuwa kimewaunga mkono wagombea wa Democrats. Kura ya mtandaoni ikaleta Trump asilimia 59.6, Harris 34. Uongozi ukachapisha matokeo, kisha ukasema hautamuunga mkono yeyote. Unaweza kuuita woga. Mimi naona watu walioulizwa, wakajibu, na jibu likaning'inizwa ukutani kila mtu alione.

Afrika nayo imetufundisha kwa njia ngumu zaidi. Frederick Chiluba alitoka uenyekiti wa muungano wa wafanyakazi wa Zambia akambwaga Kenneth Kaunda mwaka 1991. Serikali yake ndiyo iliyouza mashirika ya umma na maelfu ya wafanyakazi wakajikuta nyumbani. Afrika Kusini, Cyril Ramaphosa alianzisha chama cha wachimba migodi mwaka 1982, na COSATU imekuwa ndani ya muungano na ANC miaka yote. Agosti 2012 polisi walipowaua wachimbaji 34 Marikana chini ya serikali hiyo hiyo, chama cha mafundi wa chuma, NUMSA, kilikataa kuendelea kuipigia ANC debe. Novemba 2014 COSATU ikakifukuza. Chama cha wafanyakazi kufukuzwa na wafanyakazi wenzake kwa kosa la kutompigia mwanasiasa debe. Maze.

Hapa nyumbani adhabu huja kimyakimya zaidi. Wilson Sossion aliingia Bungeni 2017 kwa uteuzi wa ODM huku bado ni Katibu Mkuu wa KNUT. Kuanzia hapo kila alipoikosoa tume ya walimu, TSC, jibu lilikuwa rahisi: huyo ni mwanasiasa wa upinzani. Sikatai kwamba vita vya KNUT na TSC vilikuwa na mambo mengi, hasa lile la nyongeza za CBA na kupandishwa vyeo. Lakini kofia mbili zilimpa mpinzani wake jiwe la kurusha. Walimu wakahama kwa makumi ya maelfu, hazina ya chama ikakauka, na Juni 2021 Sossion akajiuzulu. Baadaye alihamia UDA. Walimu waliokatwa nyongeza hawakuwa na mahali pa kuhamia kwa urahisi hivyo.

Tena njia hii haijafungwa. Ouma Oluga aliongoza mgomo wa madaktari wa siku 100, akafungwa jela Februari 2017 pamoja na wenzake, tukamwona shujaa. Mwaka 2025 akawa katibu katika Wizara ya Afya, upande ule mwingine wa meza. Seth Panyako wa wauguzi aligombea ubunge wa Malava mwaka huo huo. Sisemi wamekosea. Mtu aliyejifunza kuongoza kwenye mgomo anaweza kuwa kiongozi bora kuliko aliyejifunza kwenye harusi za matajiri. Ninachosema ni kwamba ngazi ikishajulikana inaelekea wapi, kila anayeipanda anaanza kutazama juu, na walioishikilia ngazi chini wanaona soli za viatu tu.

Kuna kitu kingine ambacho watu hawakitazami: kalenda. Uchaguzi wa COTU hufanyika kila miaka 5. Atwoli aliingia 2001, akarudishwa 2006, 2011, 2016 na 2021. Weka hiyo kando ya uchaguzi mkuu: 2002, 2007, 2013, 2017, 2022. Kila mara viongozi wa wafanyakazi wanajihakikishia viti vyao kwanza, halafu kampeni za nchi zinapopamba moto wana miaka kama 3 au 4 mbele kabla ya mwanachama kuwaadhibu. Anayekosea hesabu Agosti anasamehewa na muda. Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027. Piga hesabu mwenyewe uchaguzi wa matawi unaangukia wapi.

Nina beste anayefanya kazi kwenye kiwanda Ruaraka. Yeye ni mwanachama kamili, Fomu S alitia sahihi kwa mkono wake. Wiki iliyopita nilimwambia kwamba sheria inamruhusu mwanachama kukagua vitabu vya hesabu vya chama chake. Alidhani namtania. Mikutano ya tawi lao huwa Jumamosi mchana, na Jumamosi ndiyo siku ya ovataimu, kwa hivyo wanaofika ni wale wale 15 kila mara, na hao ndio huchagua wajumbe wanaochagua wakubwa.

Safari hii ameamua kuacha ovataimu aende. Ana maswali mawili tu: mwaka jana chama kilitumia pesa ngapi kwa mikutano isiyohusu kazi, na kabla ya 2027 wanachama watapigishwa kura kuhusu nani wa kuungwa mkono, au watasoma gazetini kama sisi wengine? Alimtumia katibu wa tawi maswali hayo mapema kwa WhatsApp ili yaingie kwenye ajenda. Tiki mbili za bluu zilionekana jioni ile. Jibu lilikuja baada ya siku 3: yatajadiliwa kwenye mengineyo, muda ukiruhusu.